Kulungu wa Halden

Buti la Nakijwa lilizama ndani ya kisiki.

Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa amepanda juu ya kile kisiki ili auone vizuri upande wa pili wa msitu, kama alivyozoea kufanya katika nchi nyingi alizokagua, maana kisiki kilichogandishwa hubeba hata lori. Hiki kilibonyea. Akapiga magoti akakigusa. Mti ulimeguka vidoleni mwake kama mkate uliolowa, na harufu ikampanda puani, harufu ya uyoga na udongo wa masika ambayo hakuwa ameisikia tangu usichana wake.

Kisiki kilikuwa kinaoza.

"Shemeji," aliita bila kugeuka. "Njoo uone hiki kitu."

Elinisafi Mnzava, mtunza msitu wa Halden, alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mikono mfukoni. Hakusogea. Nakijwa alipogeuka na kumwona alivyotulia, ndipo akaelewa kwamba hakuna jipya alilokuwa anamwonyesha.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wakiwa wadogo," alisema Elinisafi.

"Akina nani?"

Elinisafi alichuchumaa kando ya kisiki, akaingiza mkono taratibu chini ya mzizi mmoja, akatoa donge la udongo mweusi na kulifungua kiganjani. Ndani yake alijikunja buu mmoja mweupe, mnene kuliko dole gumba la mtu mzima, kichwa chake rangi ya chungwa bivu. Buu yule alikuwa akisugua miguu yake midogo, na ukimsogeza sikioni unasikia mkwaruzo mwembamba, kama mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha.

Nakijwa alimfahamu kwa picha tu. Mbawakavu mkubwa kuliko wote wa Ulaya, ambaye dume lake lina mataya marefu yaliyotawanyika kama pembe za mnyama wa porini. Vitabu vilikuwa vimeshamhesabu miongoni mwa viumbe waliopotea.

"Mimi nawaita kulungu," alisema Elinisafi. "Kwa ajili ya pembe zao. Usimguse kwa glavu, shemeji. Atachubuka."

Walibaki wamechuchumaa pale, mwanamke aliyeigandisha misitu ya dunia na mume wa marehemu dada yake. Kuwazunguka, mialoni iliyokufa ilisimama kati ya mialoni hai, ya kijivu, inang'aa kidogo kama vyombo vilivyopakwa vanishi. Hapakuwa na gome lililodondoka, wala uyoga, wala ndege wa kudonoa shina akitafuta wadudu. Miti ilikufa ikabaki palepale, na mingine ikaota katikati yake kwa kubanana.

*

Mgando ulikuwa kazi ya Nakijwa Mbwambo. Ni dawa nyepesi kama maji, hudungwa kwa sindano ndefu kwenye mti unaokufa. Ikiisha kupanda hadi kwenye matawi, kuta za chembechembe za mti hukaza kama kioo, na hakuna kuvu wala mdudu awezaye kuzimega. Mti unapooza huirudisha angani hewa yote ya ukaa uliyoivuta maishani mwake. Ukigandishwa, hewa hiyo haitoki tena. Mataifa yalikubaliana kwamba kila mti unaokufa ugandishwe, kuanzia misitu ya Siberia hadi vichaka vya nyuma ya nyumba. Jina la dawa Nakijwa alilitoa kwenye maziwa ya mgando ya mama yake, na waandishi wa habari walilipenda sana jambo hilo.

Mgando ulifanya kazi. Joto liliacha kupanda, kisha likaanza kushuka. Mvua zikarudi kunyesha kwa majira yake badala ya kumwagika kama ndoo iliyopinduliwa.

Yeye alikuwa ameianza kazi hiyo kwa sababu ya mvua moja tu. Mvua ile iliukata mlima juu ya Gonja, huko Upare, ukateremka na nyumba ya dada yake Namsifu. Namsifu alikuwa ndani, ananyonyesha. Elinisafi alikuwa mnadani. Alichimba tope kwa mikono na majembe ya majirani mpaka wakamtoa pale kwa nguvu, na wala hakumpata mke, wala mtoto. Baadaye Nakijwa alimtafutia kazi mbali na milima, kwenye tambarare ya kusini mwa Uingereza, alinde msitu mdogo wa mialoni ambao hakuna mtu aliyekuwa na haja nao. Alidhani amemtendea wema.

*

Maabara ya Nakijwa pale Halden ilikuwa chumba cha zamani cha kufugia farasi. Hapo ndipo alipomweka jike mmoja, aliyefukuliwa chini ya kisiki, chini ya hadubini. Jike la kulungu halina pembe za kujionyesha. Lina mataya mafupi yenye nguvu, na nyuma kabisa, karibu na mahali pa kutagia, lina kijifuko kidogo kilichojikunja. Humo hubeba hamira. Linapotaga chini ya kisiki hupaka hamira ile kwenye mayai na kwenye mti, na buu anapotoka hula mti uliokwisha kulainishwa. Ndivyo mama anavyomwachia mwanawe chakula, kwa sababu yeye mwenyewe hatamwona. Buu hukaa gizani miaka mingi akitafuna, kisha hujifungia kwenye kifuko cha udongo, akatoka humo akiwa na mbawa. Mbawakavu aliyekomaa haishi zaidi ya kiangazi kimoja.

Nakijwa alichukua chembe ya ile hamira akaiweka juu ya kipande cha mwaloni uliogandishwa, mgumu kiasi cha kukwaruza chuma. Akafunga chombo, akaendelea na kazi nyingine. Aliporudi kukitazama wiki iliyofuata, kipande kilikuwa kimetepeta. Alikibonyeza kwa kijiko kikatoa maji ya kahawia.

Akaketi.

Wadudu hawa walikuwa wamebaki kwenye msitu mmoja tu duniani, na kwa njaa hamira yao ilikuwa imejifunza kula kioo. Kisiki kimoja si kitu. Lakini jike huruka, na hamira hushika miguuni mwa mdudu mwingine, kwenye mdomo wa ndege, kwenye buti la mtu kama yeye. Miti yote iliyogandishwa ilikuwa imesimama ikisubiri. Ikianza kuoza yote kwa pamoja, hewa ya miaka yote ile ingetoka ndani ya muda mfupi, na mvua ambazo dunia ingezipata zisingefanana na zile za zamani. Zingekuwa mbaya zaidi.

Alimpigia Bi. Thuwaiba Makame, mkuu wa Baraza la Mgando, aliyekuwa ofisini kwake Arusha. Bi. Thuwaiba alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake umejaa kwenye skrini, miwani juu ya paji.

"Hawawezi kufugwa ndani, mwanangu? Chumba kilichofungwa, wachache tu, mbegu isipotee?"

"Nimejaribu kumsafisha buu mmoja nikamtoa hamira yote. Amekufa. Bila hamira hawali."

"Na pamoja na hamira yao?"

"Basi tutakuwa tunaifuga hamira, Bibi. Siku mtu akisahau mlango mmoja tu, imekwisha."

Bi. Thuwaiba alivua miwani kabisa, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Baraza lote halina mtu anayeujua mgando kama wewe. Ukisema waangamizwe, tutaleta mitambo ya mvuke. Ukisema waachwe, nitasimama na wewe hadharani. Ila sitakuamulia. Mimi nina wajukuu Pemba, na kisiwa chetu kiko chini, bahari ikipanda kitazama. Ukiniuliza mimi, unajua nitakachosema."

"Najua."

"Basi usiniulize."

*

Jioni moja ya joto, kabla jua halijazama, Elinisafi alimgongea mlango.

"Njoo. Leo wanatoka."

Walienda hadi kwenye mwaloni mkubwa hai uliokuwa na kidonda shinani, utomvu ukichuruzika. Mwanzoni Nakijwa hakuona kitu. Halafu udongo chini ya kisiki cha jirani ukapasuka, na dume mmoja akajitokeza, mweusi mwenye wekundu kama kahawa iliyokaangwa, pembe zake zikitangulia. Alijikokota mpaka juu ya jiwe, akafungua mgongo, mbawa zikatoka zimekunjamana, akaruka. Alikuwa anaruka vibaya, wima, miguu ikining'inia, akivuma kama pikipiki mbovu. Akajigonga kwenye tawi, akaanguka, akaanza tena.

Nakijwa alicheka. Alikuwa na siku nyingi hajacheka, na kicheko kilimtoka kwa kukwaruza.

Madume mawili yalikutana kwenye utomvu. Yakashikana kwa zile pembe, yakasukumana, mpaka moja likanyanyuliwa juu na kutupwa chini, likatua kwa mgongo, likirusharusha miguu. Elinisafi aliligeuza kwa kijiti.

"Hawaumizani," alisema. "Anayeanguka anapanda tena. Mchana kunguru huja kuwala, huacha vichwa tu njiani. Hata kichwa kilichokatwa huendelea kuchezesha pembe kwa muda."

"Shemeji."

"Najua unachotaka kusema. Ngoja kwanza." Alikaa kwenye mzizi, akamfanyia nafasi. "Nilipofika hapa sikuweza kulala. Watu walifikiri ni mawazo ya nyumbani. Haikuwa hivyo. Ni huu msitu. Kila kilichokufa kilikuwa kinanitazama. Mti umekufa, umesimama. Mwingine umekufa, umesimama. Nikajiambia, huyu shemeji yangu amefanya nini?"

Nakijwa aliinama akafunga upya kamba za buti.

"Namsifu alioza," alisema Elinisafi. "Yeye na mtoto. Sijawahi kulisema neno hili mbele ya mtu. Wako mle mlimani, na wameoza, na juu yao kuna migomba sasa. Ilibidi nilikubali hilo ili niweze kula, niweze kuvaa viatu asubuhi. Halafu nakuja hapa nakuta mmekataza. Mpaka nilipokigusa hiki kisiki, kikaniachia mkononi. Nililia, shemeji. Nililia kama mtoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Dume lililoanguka lilikuwa limeshapanda tena, linakaribia utomvu kwa upande mwingine. Wote wawili walilitazama.

"Kama mlima ule ungesimama," Nakijwa alisema polepole, "wangekuwa hai. Kuna akina Namsifu wengine wako chini ya milima mingine sasa hivi. Wako ndani, wananyonyesha. Wako hai kwa sababu hii miti haiozi. Nikiwaacha hawa wadudu, nitakuwa nimewachagulia watu wale kifo ambacho wewe umekiona."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na hamira. Nimeiona ikila."

"Una uhakika kwamba ni hapa tu?"

Swali lile lilimkera. Alikuwa amezunguka dunia nzima akikagua miti iliyogandishwa, na huyu alikuwa na msitu mmoja. "Ndiyo," alisema. "Ni hapa tu."

Elinisafi alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea habari za msiba ambazo alikwisha kuzisikia kwingine.

"Nitawafungulia lango," alisema. "Zaidi ya hapo usiniombe kitu."

*

Mitambo ya mvuke ilifika asubuhi yenye ukungu. Ilikuwa magari mapana yenye mabomba marefu ya chuma yaliyotoboka kwenye ncha. Bomba hushindiliwa ardhini pembeni ya kisiki, mvuke ukaachiwa, na udongo huchemka kwa kina kisichosalimisha buu wala yai. Wafanyakazi walikuwa vijana wapole waliozoea kusafisha mashamba yenye magonjwa. Walisalimia, wakauliza choo kiko wapi.

Elinisafi alifungua lango, akaingia nyumbani kwake, akafunga dirisha.

Kulikuwa na wale waliokwisha kutoka, ambao mvuke usingewapata. Hao Nakijwa aliwaokota mwenyewe. Alitembea na ndoo yenye dawa ya kuulia, akipekua nyasi na magome, akiwatoa kwenye utomvu. Madume walikuwa wepesi kukamatika. Walipanua pembe zao kumtisha, na zile pembe, kwa ukubwa wake wote, hazikuwa na nguvu. Aliwachukua mgongoni akawatumbukiza. Jike mmoja alimng'ata kidole, akang'ang'ania mpaka damu ikatoka, na Nakijwa hakumkung'uta. Alisimama akingoja mpaka jike alipoachia mwenyewe. Kisha akamweka ndani ya ndoo pamoja na wengine.

Nyuma yake udongo ulikuwa unatoa moshi mweupe. Harufu ya uyoga ilijaa msitu mzima, kali na tamu, halafu ikageuka harufu ya mboga zilizochemshwa kupita kiasi. Kijana mmoja wa mitambo alikuwa amesimama juu ya udongo uliochemka, akiwa na buu mweupe aliyekufa, amenyooka kiganjani mwake.

"Ni mkubwa," alisema kijana. "Sikujua kuna kitu kikubwa hivi ardhini."

"Ni buu wa mbawakavu," Nakijwa alisema.

"Wa aina gani?"

Alifungua mdomo kumpa jina la kitaalamu, na alichojisikia akisema ni "Kulungu." Kijana aliitikia, akamtupa buu kwenye rundo.

Kisiki kile cha kwanza walikimaliza alasiri. Baadaye walirudishia udongo, wakausawazisha kwa reki, wakadunga mgando mpya kwenye mizizi iliyobaki. Kazi ilikuwa safi. Bi. Thuwaiba alipiga simu kutoa pole, na alitumia neno hilohilo, pole, kama mtu anayempigia mfiwa. Nakijwa alimshukuru.

Alikwenda kumuaga Elinisafi. Mlango haukufunguliwa. Alisimama barazani, akabisha hodi tena, akasikia kijiko kikigonga kikombe ndani.

*

Mwaka uliofuata, wakati wa vuli, Baraza lilipata ujumbe kutoka Upare. Mama mmoja anayeitwa Nainjwa alikuwa ameuza kuni za mti uliogandishwa. Wanunuzi walimrudishia wakilalamika kwamba ni unga mtupu. Ofisi ilidhani ni udanganyifu. Nakijwa alikuwa likizoni nyumbani kwa mama yake, hivyo walimwomba apite.

Alipanda hadi shambani. Mama Nainjwa alimpeleka kwenye mkuyu mkubwa uliokufa na kugandishwa zamani, wa kijivu, unang'aa. Ulionekana mzima. Lakini Mama Nainjwa aliupiga teke na kisigino cha ndala, na ganda likapasuka. Ndani ulikuwa mtupu. Mchwa walimwagika kutoka kwenye tundu lile, weupe, wengi, wakikimbilia kivulini, na ukuta wa mti ulikuwa umetafunwa ukawa kama sega la nyuki.

"Na huu," Mama Nainjwa alisema, akisogea kwenye mti mwingine. "Na ule. Mpaka kule juu kwa Mchome. Mwanzo tulifurahi, daktari, maana tunapata kuni laini. Lakini haziwaki. Ni hatari?"

Nakijwa aliweka mchwa mmoja kwenye kitambaa chake cheupe, akamponda kwa ukucha. Hakuhitaji hadubini. Mchwa nao hubeba vijidudu tumboni, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyosaga mti. Kama vilikuwa vimejifunza hapa, basi vilikuwa vimejifunza na kwingine. Mchwa wako kila mahali ambapo jua lina joto. Hakuna mtambo wa mvuke unaoweza kuichemsha nusu ya dunia.

Jioni ile alimpigia Bi. Thuwaiba, wakazungumza kwa sauti ndogo. Halafu akatafuta namba ya Halden. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mitambo.

"Haloo," Elinisafi alisema.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mama mzima?"

"Mama mzima. Niko nyumbani. Shemeji, mchwa wanakula mgando. Nimewaona leo kwa macho yangu. Si mti mmoja. Ni mlima mzima, na nadhani si mlima huu tu."

Alimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Tangu lini?"

"Sijui. Pengine muda mrefu. Wanakula kwa ndani, kwa nje mti unaonekana mzima. Hatukuwa tunapasua tuangalie."

"Kwa hiyo siku ile, wakati unawaokota kulungu wangu…"

"Ndiyo," Nakijwa alisema. "Siku ile mchwa walikuwa wameshaanza. Nilikuambia ni hapo tu. Haikuwa kweli."

Nakijwa alitazama simu kuona kama bado imeunganishwa.

"Na mchwa mtawafanya nini?" Elinisafi aliuliza.

"Hatuwezi kuwafanya kitu. Ni wengi mno. Itabidi tuishi nao, tutafute namna nyingine. Bi. Thuwaiba ameshasema hakuna atakayewagusa."

"Ahaa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nakijwa kuliko matusi yoyote ambayo angemtukana. "Basi nimeelewa. Kumbe kosa la kulungu lilikuwa uchache wao."

Kisha akamtakia Nakijwa usiku mwema, kwa adabu, kama anavyotakiwa shemeji, na kukata simu.